Grace Ogot: Muuguzi aliyeupima moyo wa binadamu kwa hadithi

BARABARA kuu itokayo Kisii kuelekea Migori na mpaka wa Tanzania hupita mjini Rongo, penye njia panda ya kwenda Homa Bay. Katika karne iliyopita, eneo hili la kusini mwa Nyanza lilishuhudia safari za familia nyingi za Waluo zilizoacha maboma ya wazee wao na kwenda kutafuta mashamba mapya, baadhi zikivuka mpaka hadi upande wa Mara, Tanganyika.

Mwanahistoria aweza kueleza ni lini watu hao walihama na ni ukoo gani ulitangulia. Afisa wa serikali ya kikoloni naye aliweza kuwahesabu na kuwatoza kodi. Lakini ni nani aliyeandika yaliyompitia moyoni mke aliyeambiwa na mumewe afungashe vyombo, ilhali mwenyewe hakutaka kuondoka?

Kazi hiyo ilifanywa na muuguzi na mkunga, Bi Grace Ogot, katika riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, iliyochapishwa mwaka wa 1966.

Zaidi ya mwongo mmoja umepita tangu mwandishi huyo afariki dunia jijini Nairobi mnamo Machi 18, 2015. Wengi humkumbuka kama mbunge na waziri msaidizi. Wengine humtaja kwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika kuchapisha riwaya kwa Kiingereza, mwaka ule ule ambao Flora Nwapa wa Nigeria alitoa Efuru. Hata hivyo, urithi wake mkubwa ni somo moja alilolirudia katika karibu kila alichokiandika: kwamba tendo la mtu huonekana na wote, bali sababu ya tendo hilo imefichika, na hadithi ni mojawapo ya njia chache za kuifikia.

Grace Emily Akinyi alizaliwa Asembo, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Siaya, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa sehemu hiyo kupata elimu ya kizungu, na alifundisha katika shule ya wasichana ya Ng'iya iliyokuwa chini ya wamishonari wa Kianglikana. Nyumbani, baba huyo alimsomea bintiye visa vya Agano la Kale. Nyanya yake naye alimsimulia ngano za Waluo, zenye mazimwi ya ziwani, wachumba wa ajabu na wanyama wasemao.

Hivyo mtoto huyo alikua akisikiliza hazina mbili za masimulizi. Katika moja, Ibrahimu anaamriwa kumtoa mwanawe sadaka. Katika nyingine, mtemi anaamriwa kumtoa bintiye kafara ili mvua inyeshe. Hakuna haja ya kustaajabu kwamba alipokomaa hakuona ukuta mrefu kati ya hadithi za kanisani na zile za jikoni kwa nyanya.

Alisoma Ng'iya, kisha Butere, na kati ya mwaka wa 1949 na 1953 akasomea uuguzi katika Hospitali ya Mengo nchini Uganda. Baadaye alikwenda Uingereza kuendelea na masomo ya ukunga. Akiwa London katika miaka ya 1950 alifanya kazi pia katika shirika la utangazaji la BBC, akiandaa na kusoma vipindi vilivyorushwa kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki. Aliporejea nyumbani alihudumu katika hospitali ya Maseno, na baadaye katika huduma za afya za Chuo Kikuu cha Makerere.

Mnamo 1959 aliolewa na Bethwell Allan Ogot, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wanahistoria mashuhuri zaidi barani Afrika, aliyefariki Januari 2025. Inasimuliwa kwamba wakati wa uchumba wao ni yeye aliyetambua kipaji kilichokuwamo katika barua za mchumba wake na kumhimiza aandike kwa ajili ya watu wengi zaidi.

Katika nyumba hiyo moja, mume alikusanya masimulizi ya wazee na kuyapima moja kwa jingine ili apate ukweli wa yaliyotukia. Mnamo 1967 alichapisha kitabu chake kuhusu historia ya Waluo wa kusini. Mke aliyasikia masimulizi ya namna hiyo hiyo, lakini alikuwa na swali lake mwenyewe: walioshiriki waliona nini mioyoni mwao hata wakatenda walivyotenda?

Kazi ya wodini ilimwandalia swali hilo. Muuguzi huwaona watu katika saa ambayo hawawezi kujificha. Humwona tajiri akilia kwa maumivu, mama akificha chanzo cha jeraha lake, na mgonjwa akimeza dawa za daktari mchana kisha jamaa zake wakimletea mitishamba usiku. Katika faili la hospitali huandikwa ugonjwa, kipimo na dawa. Hofu iliyomchelewesha mgonjwa nyumbani hadi hali ikaharibika haina nafasi katika fomu hiyo.

Ogot aliijaza nafasi hiyo katika hadithi fupi iitwayo The Old White Witch, kuhusu wauguzi Waafrika katika hospitali ya misheni wanaokataa kubeba vyombo vya choo vya wagonjwa kwa kuwa kwao ni kazi ya kudhalilisha. Kwa matroni Mzungu, huo ni utovu wa nidhamu. Kwa wasichana wale, ni suala la heshima na mila. Msomaji anayepewa nafasi ya kusimama pande zote mbili hugundua jambo ambalo amri peke yake haifundishi: kwamba watu wawili wanaweza kugombana vikali, na kila mmoja awe anatetea kitu anachokiamini kuwa chema.

Mwezi Juni 1962, Ogot alihudhuria kongamano la waandishi wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Walikuwapo Chinua Achebe na Wole Soyinka wa Nigeria, Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini, pamoja na mwanafunzi kijana ambaye baadaye dunia ilimjua kama Ngugi wa Thiong'o. Kongamano hilo lilikuwa la waandishi wanaotumia Kiingereza. Mwezi huo huo, Shaaban Robert, gwiji wa fasihi ya Kiswahili, alifariki dunia, naye hakuwa amealikwa Makerere. Swali la lugha ambalo kongamano hilo liliacha nyuma lilikuja kumfikia Ogot mwenyewe miaka mingi baadaye.

Pale Makerere alisoma hadithi aliyoichapisha mwaka uliofuata katika jarida la Black Orpheus la Nigeria. Baadaye aliiboresha na kuipa jina The Rain Came. Ndani yake, mtemi Labong'o anaambiwa kuwa mvua haitanyesha mpaka bintiye wa pekee, Oganda, atolewe kwa zimwi la ziwani. Watu wanashangilia kwa kuwa wataishi. Wazazi wanasikitika, lakini wanakubali. Msichana mwenyewe, alipoona watu wakinong'ona, alidhani wanamwandalia harusi.

Chanzo cha kisa hicho ni ngano ya kale, na mwandishi hakuipaka rangi ili impendeze msomaji wa kisasa. Alichoongeza ni hisia za kila mhusika. Labong'o si katili. Ni baba aliyebanwa kati ya mwana mmoja na watoto wa nchi nzima. Umati unaocheza ngoma haumchukii Oganda. Unafurahi kwamba kura haikuangukia nyumba yao. Hapo msomaji huanza kuona, kwa mashaka, jinsi jamii yenye watu wema inavyoweza kukubali mmoja wao aangamie ili wengine wapate utulivu. Mwishowe, kijana anayempenda Oganda, Osinda, anamwokoa, na mvua inanyesha hata hivyo. Hadithi inaishia hapo na kumwacha msomaji na swali: kama mvua ingeweza kuja bila kafara, ni wangapi waliotolewa bure?

Haikuwa rahisi kuzichapisha kazi za aina hiyo. Ogot alieleza baadaye kwamba alipopeleka baadhi ya hadithi zake katika ofisi za uchapishaji za serikali jijini Nairobi, wakuu walishangaa mwanamke Mkristo kuandika habari za kafara na waganga badala ya wokovu. Hakuzitupa hadithi hizo, wala hakuuacha Ukristo wake. Alichapisha riwaya yake mwaka wa 1966 kupitia shirika la East African Publishing House, na mwaka wa 1968 akatoa mkusanyiko wa hadithi fupi, Land Without Thunder.

Katika mkusanyiko huo mna visa ambavyo hadi leo vinaweza kuwasha mjadala darasani. Katika The Green Leaves, wanakijiji wanampiga mwizi usiku, wanadhani amekufa na kumfunika kwa majani mabichi hadi asubuhi. Nyagar, mtu mwenye mali yake, anakumbuka kwamba mwizi huenda ana fedha mfukoni. Anarudi peke yake gizani kuzichukua. Mwizi hajafa. Asubuhi, mzungu wa polisi anapofika na majani yakafunuliwa, maiti inayoonekana ni ya Nyagar.

Kisa hicho hakimhubirii mtu. Kinamfuata tu Nyagar hatua kwa hatua anapojishawishi kwamba anachotaka kufanya si wizi. Yeyote aliyewahi kusoma habari za umati uliojichukulia sheria mikononi atatambua jambo lililo zito hapa: waliompiga mwizi walijihesabu kuwa waadilifu, na mmoja wao alibeba tamaa ile ile waliyokuwa wakiiadhibu.

Tekayo ni hadithi ya kutisha zaidi. Mchungaji mzee anaonja ini lenye utamu usio wa kawaida. Tangu siku hiyo hana raha. Anajaribu maini ya wanyama mbalimbali akiutafuta utamu ule, hadi anafikia kuwaua wajukuu wake mwenyewe. Ni mtindo wa ngano za zimwi, lakini aliyeishi na mlevi au mcheza kamari ataielewa bila kuelezwa. Mwandishi alionyesha kwamba uovu mkubwa mara nyingi huanza na kiu ndogo ambayo mtu hakuizuia, nao hukua ukiwa nyumbani mwa mtu aliyeheshimiwa na wote. Naye katibu muhtasi katika hadithi ya Elizabeth, aliyenajisiwa na mwajiri wake na kuishia kujitoa uhai, aliandikwa miongo kadhaa kabla ya ofisi nyingi za Kenya kuwa na kanuni zozote kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini.

Turejee kwenye riwaya ya wahamaji. Katika The Promised Land, Ochola anaihama Nyanza na kwenda Tanganyika pamoja na mkewe Nyapol, ambaye moyo wake umebaki nyuma. Ochola anafanikiwa. Mavuno yake ni mengi, na jirani mzee anamwonea kijicho. Ndipo mwili wa Ochola unapojaa vitu kama miiba. Madaktari wa hospitali wanashindwa kumponya. Anayempatia nafuu ni mganga wa jadi, na mwishowe familia inarudi Kenya bila utajiri ilioufuata.

Kwa muuguzi aliyefunzwa London, huo ulikuwa uamuzi wa ujasiri. Wapo wahakiki waliouliza kama Ogot alikuwa akitetea uchawi. Lakini riwaya hiyo husomeka vyema zaidi kama uchunguzi wa hofu. Mgeni aliyepata mali katika nchi ya watu hana jamaa wa kumkinga. Jirani aliyepitwa hana wa kumweleza uchungu wake. Kati yao husimama ukimya, nao ukimya huo huzaa dhana.

Madhara ya dhana kama hizo si ya kubuni. Mwezi Mei 2008, katika sehemu za Kisii, mwendo mfupi kutoka Rongo, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za namna hiyo huko Marani, katika Kaunti ya Kisii. Sheria ya kuwaadhibu wauaji ipo. Linalokosekana ni uwezo wa mtu mwenye hofu kuusimamisha mkono wake kwa dakika moja na kuuliza jirani yule naye anaogopa nini. Riwaya haiwezi kuzima moto. Hata hivyo, humzoesha msomaji kufanya swali hilo mapema, akiwa ameketi kwa utulivu, kabla umati haujakusanyika nje.

Kusini mwa Nyanza kuliendelea kumpa Ogot maudhui. Tom Mboya alipopigwa risasi na kuuawa jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969, alizikwa katika kisiwa cha Rusinga, kilicho sasa katika Kaunti ya Homa Bay. Simanzi ya mazishi hayo ndiyo iliyozaa hadithi ya Ogot, The Island of Tears, ambayo jina lake lilibebwa na mkusanyiko alioutoa mwaka wa 1980. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuripoti kifo, mshukiwa na hukumu. Hadithi iliwarudia waombolezaji ufuoni.

Mwaka huo huo wa 1980 alitoa The Graduate, riwaya fupi ambayo mhusika wake mkuu, Juanina Karungaru, ni mwanamke aliye waziri katika serikali. Wakati huo Kenya haikuwa imepata waziri mwanamke kamili, na haikumpata hadi 1995. Wasomaji walioona jambo hilo kuwa ndoto waliweza, kwa saa chache, kuliona likitendeka na kulizoea.

Kisha akageukia lugha ya mama. Kati ya mwaka wa 1981 na 1983 alichapisha vitabu kadhaa kwa Dholuo, kikiwamo Miaha, ambacho mwanaisimu Okoth Okombo alikifasiri baadaye kwa Kiingereza kwa jina The Strange Bride. Kingine ni Simbi Nyaima. Kwa kufanya hivyo alijibu kwa vitendo lile swali la Makerere, kwani wengi wa watu aliowaandikia habari zao hawakusoma Kiingereza.

Simbi Nyaima ni ziwa dogo la maji ya magadi karibu na Kendu Bay, kaskazini mwa Rongo. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa karamu, bibi kizee mgeni alipita akiomba chakula na mahali pa kulala. Walevi walimfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, naye akaonywa aondoke. Maji yakaja, kijiji kikazama.

Wanasayansi hueleza ziwa hilo kuwa ni kreta, na maelezo yao ni sahihi. Lakini ngano haikutungwa ili kushindana na jiolojia. Ilitungwa ili kila mtoto apitaye kando ya maji hayo ajiulize kama angekuwa miongoni mwa walevi au angekuwa yule mwanamke mmoja. Kwa karne nyingi kabla ya kuwapo darasa la maadili, hivyo ndivyo jamii ilivyochunguza tabia zake yenyewe. Ogot alilijua hilo kutoka kwa nyanya yake, na alilichukua kalamuni kabla wazee wote hawajaondoka.

Maisha yake ya siasa yalikuwa mtihani wa aina nyingine. Alikuwa mwenyekiti mwanzilishi wa chama cha waandishi nchini, na mwaka wa 1975 alikuwa katika ujumbe wa Kenya kwenye Umoja wa Mataifa. Mnamo 1983 Rais Daniel arap Moi alimteua kuwa mbunge. Mwaka wa 1985, baada ya mbunge wa Gem, Horace Ongili, kuuawa, Ogot aliacha kiti cha uteuzi, akawania kiti hicho na kukitwaa. Aliteuliwa kuwa waziri msaidizi wa Utamaduni na Huduma za Jamii, na alihudumu hadi mwaka wa 1992, wakati wimbi la vyama vingi lilipobadilisha siasa za Nyanza.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa waandishi. Baadhi ya wenzake walizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka, wengine wakakimbilia uhamishoni. Kuwa ndani ya serikali ya chama kimoja kulimletea lawama, na mjadala kuhusu uamuzi wake haujafungwa. Watetezi wake husema kwamba alitaka sauti ya mwanamke na ya utamaduni isikike mahali ambapo maamuzi yalifanywa. Wakosoaji hujibu kwamba mwandishi aliyeziona nyoyo za wanyonge hakupaswa kuketi karibu na wenye nguvu. Inaelekea njia ya haki ya kumpima ni ile aliyoitumia yeye kwa Labong'o na Nyapol: kutazama alikuwa amebanwa kati ya nini na nini, kisha kumhukumu.

Mnamo 2012, miaka mitatu kabla ya kifo chake, alichapisha tawasifu yake, Days of My Life. Ndiyo iliyo karibu zaidi na kumbukumbu rasmi za maisha yake. Lakini anayetaka kujua alivyowaona watu hana budi kuzirudia zile hadithi.

Katika shule za Rongo, Migori na Homa Bay, mwanafunzi hufundishwa riwaya kwa vipengele: maudhui, wahusika, mandhari, mtindo. Vyote hivyo hutahiniwa. Lisilotahiniwa ni lile aliloligundua Ogot alipoishika kalamu: kwamba mtunzi hawezi kumfanya mhusika atembee hata hatua moja bila kumpa sababu, na sababu hiyo lazima imridhishe mhusika mwenyewe, awe mwema au mwovu. Kijana anayetakiwa kuandika insha moja kwa mtazamo wa jirani mwenye kijicho, au wa mama aliyelazimishwa kuhama, atalazimika kuishi ndani ya mtu ambaye labda hampendi. Akirudi nyumbani jioni, huenda akamsalimu jirani yake kwa namna tofauti.